Kuweka Miadi ya Kuona Nyumba za Kupanga Nairobi Kupitia Mawakala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu wanaotafuta nyumba jijini Nairobi, awe ni kijana anayetaka bedsita (chumba kimoja cha kuishi na kulala) Zimmerman au familia inayotafuta vyumba vitatu Kileleshwa. Ninayajibu kutokana na kazi ninayoifanya kila siku ya kupokea simu za wapangaji, kuwawekea miadi na kuongozana nao hadi mlangoni. Msomaji ataona jambo moja likijirudia katika majibu mengi, nalo ni kwamba fedha zisitangulie miguu: usilipie nyumba ambayo hujaingia ndani yake, hata kama picha zake zinapendeza na anayekupigia simu ana sauti ya upole.

Ni wakati gani wa mwezi unaofaa kuanza kuona nyumba?

Mikataba mingi humtaka mpangaji atoe notisi ya mwezi mmoja kabla ya kuhama, na kodi ya nyumba nyingi hulipwa kati ya tarehe 1 na tarehe 5. Kwa hiyo nyumba itakayoachwa mwisho wa mwezi hujulikana mapema, na wakala mwenye bidii huanza kuitangaza angali mpangaji wa zamani yumo ndani. Anayekusudia kuhamia tarehe 1 afadhali aanze kuzunguka kuanzia tarehe 10 hivi, wakati bado ana nafasi ya kukataa nyumba isiyomfaa. Anayeanza tarehe 28 atapata nyumba pia, lakini atachagua akiwa na gari la kuhamisha vyombo akilini, na haraka hiyo husikika hata kwenye simu.

Panga miadi kwa kufuata barabara. Nyumba za Roysambu, Kasarani na Githurai zinaweza kuonwa siku moja kwa sababu zote ziko upande wa Thika Road, ilhali anayejaribu kuunganisha Githurai na Rongai katika Jumamosi moja ataimaliza siku ndani ya matatu. Nyumba nne kwa siku zinatosha. Ukifikia ya sita hutakumbuka ni ipi iliyokuwa na kabati zuri na ni ipi iliyokuwa na choo kinachovuja.

Nitajuaje kwamba wakala ni wa kweli?

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, ambayo inamtaka kila anayefanya kazi hii asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali Isiyohamishika, inayofahamika kwa kifupi cha Kiingereza kama EARB. Bodi hiyo hutoa orodha ya mawakala waliosajiliwa, na una haki ya kumuuliza wakala jina lake kamili na la kampuni yake kisha ulitafute katika orodha. Aliyesajiliwa hachukizwi na swali hilo.

Hata hivyo, ni lazima niseme ukweli kuhusu jinsi mambo yalivyo mitaani. Watu wengi wanaoonyesha nyumba, hasa za kodi ya chini, hawamo katika orodha hiyo: kuna broka anayejua majengo yote ya mtaa mmoja, kuna msimamizi wa jengo ambaye wengi humwita keateka, na kuna mpangaji anayehama ambaye ametumwa na mwenye nyumba amtafutie mtu wa kuchukua nafasi yake. Wengi wao ni waaminifu. Kipimo changu kwa mtu asiyesajiliwa ni kama anajulikana pale kwenye jengo. Askari wa getini anamjua kwa jina? Keateka anampa funguo bila kubishana naye? Ana nambari ya simu ya mwenye nyumba au ya ofisi inayokusanya kodi, na yuko tayari uipige mbele yake? Mtu anayekutaka mkutane kwenye kituo cha mafuta au mkahawani na hataki kukutajia jina la jengo kabla hujatuma pesa, huyo achana naye mapema.

Je, nilipe ada ya kuona nyumba?

Hili ndilo swali linaloleta malalamiko mengi kuliko yote. Mawakala wengi wa Nairobi hudai ada ya kuona nyumba, mara nyingi shilingi 500 au 1,000, na wengine zaidi ya hapo kwa nyumba za mitaa ya bei. Hoja yao ni kwamba wanatumia nauli, muda na mafuta kumzungusha mtu ambaye huenda hana nia ya kupanga. Mimi mwenyewe nimewahi kumtembeza mtu nyumba saba kwa siku mbili, kisha nikagundua kwamba alikuwa akipitisha likizo tu, kwa hiyo hoja hiyo siipuuzi. Ofisi nyingi hazitozi ada hii kabisa kwa sababu hulipwa kamisheni na mwenye nyumba mpangaji anapoingia.

Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni kulipa kabla ya kufika. Mwaka niliohamia Nairobi nilituma shilingi 1,000 kwa mtu aliyenitumia picha za nyumba ya chumba kimoja cha kulala, sebule yake ikiwa na sakafu ya vigae vyeupe na dirisha kubwa. Nilishuka stejini Roysambu saa nne asubuhi kama tulivyoelewana. Simu yake iliita mara mbili, halafu ikazimwa. Nilikaa pale hadi saa saba mchana nikiamini kwamba chaji imemwishia, na bado naikumbuka aibu ya kumweleza binamu yangu, aliyekuwa amenikopesha zile pesa, kwamba sikuona hata lango la nyumba yenyewe.

Kama ada ni lazima, elewaneni mambo matatu kwa ujumbe wa maandishi kabla ya siku yenyewe: ni kiasi gani na kwa nyumba ngapi, italipwa baada ya kuona, na kama itakatwa kwenye malipo yako endapo utachukua mojawapo ya nyumba hizo. Wakala anayeonyesha nyumba halisi hukubali kwa urahisi kulipwa mlangoni, kwa kuwa mlango upo.

Niulize nini kwenye simu kabla ya kufunga safari?

Uliza kodi kamili, kisha uliza kile ambacho hakimo ndani ya kodi. Nyumba inayotangazwa kwa shilingi 25,000 inaweza kuwa na ada ya huduma ya ulinzi, takataka na usafi, pamoja na amana ya mwezi mmoja na amana ya maji na stima, hivi kwamba siku ya kuhamia unahitaji zaidi ya shilingi 55,000 mkononi. Uliza amana ni ya mwezi mmoja au miwili. Uliza nyumba iko orofa ya ngapi na kama lifti ipo na inafanya kazi. Uliza kama iko wazi leo au ina mtu. Uliza kama stima ni ya mita yako mwenyewe ya tokeni au ni ya mita ndogo ya mwenye nyumba, kwa sababu katika mita ndogo bei ya kila yuniti huamuliwa na yeye.

Mwombe pia akutumie mahali penyewe kwenye ramani ya simu. Maneno kama “dakika tano tu kutoka lami” yana upana wake hapa mjini, na dakika tano za bodaboda ni nusu saa ya miguu kwenye matope.

Ni saa ngapi nzuri ya kuona nyumba?

Mara ya kwanza nenda mchana, ili uone mwanga unavyoingia, kwa kuwa majengo mengi ya Pipeline na Umoja yamesongamana kiasi kwamba dirisha la chumba cha kulala linatazama ukuta wa jirani na taa huwaka saa sita mchana. Ukiipenda nyumba, rudi bila miadi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili usiku. Wakati huo ndipo utajua kama njia ya kutoka stejini ina taa, kama baa ya ghorofa ya chini ina spika kubwa, na kama magari ya wapangaji yanatosha mle uani. Huhitaji wakala kwa ziara hiyo ya pili. Simama nje, tembea, nunua kitu dukani na uzungumze na mwenye duka.

Anayeweza kungoja mvua aingoje. Mvua za Machi hadi Mei huonyesha mengi ambayo jua huficha, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za watu kuanzia Mathare hadi South C, hata serikali ikaamuru waliojenga na kuishi ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame. Kama jengo liko karibu na mto au mtaro mkubwa, waulize majirani maji yalifika wapi mwaka huo. Watakuonyesha kwa mkono alama ukutani.

Je, ninaweza kuona nyumba ambayo bado ina mpangaji?

Unaweza, ikiwa mpangaji huyo amekubali na amearifiwa mapema. Bisha hodi, vua viatu ukiona wenyeji wamevua, na usifungue kabati zao. Faida ya nyumba yenye mtu ni kwamba unaweza kumuuliza anahama kwa nini. Muulize kwa heshima, ikiwezekana wakala akiwa ametangulia nje. Nimesikia majibu mengi ya kawaida kama vile kuhamishwa kazini au kuongezeka kwa familia, lakini pia nimesikia, “Kodi imepandishwa mara mbili kwa mwaka mmoja,” jambo ambalo wakala hakuwa amelitaja.

Nikiwa ndani, niangalie nini?

Anza na maji, kabla hujasifu chochote. Usambazaji wa maji wa Nairobi huenda kwa ratiba ya mgao, mtaa mmoja ukipata siku fulani na mwingine siku nyingine, na kwa hiyo ubora wa nyumba hutegemea sana ukubwa wa matangi na kama jengo lina kisima chake. Fungua kila mfereji, wa jikoni, wa bafuni na wa sinki ya kunawia. Vuta maji ya choo na ungoje uone kama tangi lake linajaa tena. Washa shawa ya stima kama ipo. Ikiwa maji ni ya kisima, yaonje kidogo na uulize kama watu huyanywa, kwa maana visima vingi vya Nairobi vina madini ya floridi kwa wingi, na wazazi wenye watoto wadogo wanapaswa kulijua hilo kwa sababu ya meno yao.

Aprili moja nilimpeleka dada mmoja kuona nyumba ya vyumba viwili South B. Ilikuwa safi, imepakwa rangi mpya ya maziwa, na yeye alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka kochi. Nilimwomba afungue mfereji wa jikoni. Ulikohoa hewa, ukatoa maji ya rangi ya chai kama kikombe kimoja, ukanyamaza. Keateka akasema mota inatengenezwa na kesho itakuwa tayari. Kwenye roshani ya pili kulikuwa na mama anayeanika nguo, na yule dada akamwamkia, akamuuliza maji huja lini. “Jumatano usiku, mwanangu,” mama akajibu bila kuacha kuanika, “na ukilala yamekupita.” Tuliporudi jikoni tuliona kile ambacho hatukukiona mwanzo: chini ya sinki palikuwa na miduara minne iliyofifia kwenye sakafu, iliyokaa sawa kwa safu, mahali ambapo mitungi ya lita ishirini ya mpangaji aliyetangulia ilikuwa imesimama kwa muda mrefu. Hakuichukua nyumba hiyo.

Rangi mpya nayo itazame kwa makini. Ikiwa ukuta umepakwa upya hadi usawa wa kiuno tu, au kona moja ya dari inang'aa kuliko nyingine, weka kiganja pale uhisi unyevu. Nusa ndani ya kabati, kwa sababu kabati haipakwi rangi na harufu ya ukungu hubaki humo. Fungua na ufunge madirisha yote. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu yako. Angalia kama mita ya stima ina deni, kwani tokeni utakayonunua inaweza kukatwa kulipia deni la mwingine.

Tazama simu yako pia: mtandao unashika chumbani au roshani tu? Uliza ni kampuni zipi za intaneti zimefikisha waya kwenye jengo, maana majengo mengine yana kampuni moja tu na huna uchaguzi. Mwisho, panda hadi juu ya paa kama unaruhusiwa. Mahali pa kuanika nguo na hali ya matangi hueleza mengi kuhusu mwenye nyumba kuliko sebule aliyoipamba.

Askari wa getini anataka kitambulisho changu. Nimpe?

Muonyeshe na uandike jina lako kwenye kitabu. Hakuna sababu ya kumwachia kitambulisho chenyewe au kukubali kipigwe picha kwa simu ya mtu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa kiasi kinachohitajika tu. Wakala naye hahitaji nakala ya kitambulisho chako kabla ya hatua ya mkataba.

Niko nje ya Nairobi. Ninaweza kuona nyumba kwa video?

Video iliyorekodiwa haitoshi, kwa kuwa inaweza kuwa ya nyumba nyingine au ya miaka mitatu iliyopita. Omba simu ya video ya moja kwa moja, na wewe ndiwe uongoze: mwambie aanzie barabarani, aonyeshe jina la jengo, apite getini, apande ngazi, afungue mfereji ukisikia maji yakianguka, kisha asimame dirishani. Baada ya hapo mtume ndugu au rafiki afike mwenyewe kabla ya shilingi yoyote kutoka. Watu walioko ughaibuni wanaotafutia wazazi wao nyumba hutapeliwa sana, kwa sababu wana pesa tayari na hawana miguu hapa. Shangazi mmoja aliyetumwa na mpwa wake aliyeko Doha alifika kwenye jengo lililotangazwa na kukuta ni ofisi. Nauli yake ya siku hiyo ilikuwa shilingi 160, na iliokoa amana nzima.

Wakala anasema kuna mtu mwingine anayetaka kulipa leo. Nifanye nini?

Wakati mwingine ni kweli, hasa nyumba ikiwa nzuri na mwezi unaisha. Lakini ukweli wake haubadilishi unachopaswa kufanya: kuona nyumba, kusoma mkataba, kujua anayelipwa ni nani. Ukiweza kufanya hayo yote leo, lipa leo. Usipoweza, muulize kama mwenye nyumba hupokea ada ndogo ya kuishika nyumba kwa siku mbili au tatu, na uandikiwe kama itarudishwa usipoichukua. Nyumba nyingine ikikuponyoka, utahuzunika wiki moja. Amana iliyotumwa kwa tapeli haina wiki.

Nimeipenda nyumba. Nimlipe nani na kwa njia gani?

Kodi na amana zilipwe kwenye akaunti ya benki au nambari ya kulipia ya mwenye nyumba au ya kampuni inayosimamia jengo, na nambari hiyo iwe imeandikwa katika mkataba. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha malipo. Lisome. Ikiwa mkataba unataja kampuni na simu inaonyesha jina la mtu ambaye hujawahi kumsikia, simamisha na uulize. Maelezo kwamba ile ni nambari ya mke wa mwenye nyumba, au kwamba mashine ya ofisini imeharibika, yasikutoshe.

Dai risiti inayotenganisha kodi na amana, maana baadaye utakapohama ni amana pekee utakayoidai. Kabla ya kupokea funguo, zunguka na keateka mkiandika kasoro zote, kioo kilichopasuka, bawaba iliyolegea, kigae kilichovunjika, kisha nyote wawili mtie sahihi na upige picha. Karatasi hiyo moja imewarudishia watu amana zao nyingi.

Nimetuma pesa na mtu ametoweka. Kuna njia ya kuzipata?

Fanya haraka. Tuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa nambari 456 kuomba urejeshwe. Ombi hilo linaweza kufaulu ikiwa pesa hazijatolewa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe taarifa na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ukiwa na ujumbe wote, nambari za simu na tangazo lenyewe. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka mitatu. Usifute mazungumzo yenu hata kama yanakuudhi kuyaona.

Ikiwa unayemdai anajulikana, kwa mfano wakala mwenye ofisi anayekataa kurudisha ada ya kuishika nyumba, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria yake inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Watu wengi huniuliza kuhusu mahakama ya kodi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi. Hiyo ilikusudiwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za Nairobi zilikipita zamani.

Nikishindwa kufika kwenye miadi?

Piga simu mapema, hata kama ni saa moja kabla. Mara nyingi keateka huwa ametoka upande mwingine wa mtaa kuleta funguo, na mpangaji aliyemo ndani ameahirisha shughuli zake ili akufungulie. Na ukiona nyumba usiipende, mwambie wakala siku hiyo hiyo na umweleze sababu, iwe ni kelele, maji au kodi. Nikijua kwamba mtu amekataa nyumba kwa sababu ya ngazi za orofa ya tano, sitampeleka nyingine ya orofa ya tano Jumamosi inayofuata.